Ombi la Kumfanya Binti Yangu Mfanyakazi Pepe

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Kiwanda cha Unga.

Kwa umri wangu siwezi kukuamkia, mwanangu, lakini heshima yote unayo. Natumaini hujambo na wa nyumbani kwako hawajambo. Mimi ni mama wa yule binti wa miwani anayekaa karibu na mlango wa chumba cha baridi, uliyempa kazi ya kuunganisha mizani ya ghalani. Shule niliiacha mapema, hivyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe.

Nalalamika. Nitaweka namba ili tusipotezane.

1. Mizani ile nimeambiwa ni kongwe. Haijui mtandao wala simu. Inajua kuongea kwa njia moja tu, kupitia waya mnene wenye kichwa cha pini, ambao zamani ulichomekwa kwenye kompyuta ya ghalani. Gunia likipanda, uzito unapita kwenye waya, unaandikwa, yamekwisha. Kisha mkaiondoa kompyuta ile, mkasema sasa ghala litatumia kompyuta pepe. Nilimuuliza binti yangu kompyuta pepe ndiyo ipi. Akachukua sufuria yangu kubwa, akapanga vikombe ndani. Sufuria, akasema, ndiyo kompyuta ya kweli iliyoko chumba cha baridi. Vikombe ndizo kompyuta pepe: hazishikiki, ziko ndani ya ile kubwa, na kila moja inajiona iko peke yake jikoni. Sawa. Nikamuuliza, hiyo isiyoshikika ina tundu la kuchomeka waya? Akasema hapana, mama, ndiyo kazi yenyewe.

Mheshimiwa, umemtuma mtoto wa watu akachomeke waya kwenye kitu kisicho na mwili. Mume wangu, pamoja na vituko vyake vyote, hajawahi kunituma hivyo.

2. Mtoto akapata njia. Waya unachomekwa kwenye ile kubwa, kisha ile kubwa inaagizwa ikifikishie kikombe fulani maneno ya mizani. Lakini ili kikombe kipokee, lazima kizimwe kwanza. Akakizima. Ghala zima likasimama, magunia yakapangwa hadi mlangoni, na mtunza ghala akambatiza jina la Binti Giza mbele za watu. Jina limeshika. Juzi hata baba yake lilimponyoka.

3. Waya uliposhika, mizani ikaongea, na kompyuta ikaandika alama za kuuliza na vijidudu. Kumbe mizani inaongea polepole na kompyuta inasikiliza mbiombio, lazima kwanza zikubaliane mwendo. Siku hiyo binti yangu alirudi akiongea nami neno mojamoja, kama anayeogopa nitaandika vijidudu.

4. Namba nne nilikuwa nayo wakati naosha vyombo, imenitoka. Ihesabu hivyohivyo.

5. Hili ndilo lililoniumiza. Mizani ilipoanza kusema vizuri, kompyuta pepe ikahama. Mnayo sufuria ya pili, na mmeruhusu vikombe vihame vyenyewe ya kwanza ikielemewa. Kikombe kikaenda zake, waya ukabaki nyuma ya sufuria ya zamani, ukiongea na ukuta. Mpangaji akihama bila kuaga, mtaa mzima tunamsema. Huyu wenu anasifiwa kwa wepesi. Binti yangu anasema mpangaji huyo anaweza kufungwa asihame, ila ruhusa ya kumfunga iko kwako, na wewe uko kwenye kikao. Basi binti anashinda huko kumlinda, nyumbani anapita kama mgeni. Nilikuja getini na chakula, mlinzi akaniambia yupo kwenye mfumo. Nikamwomba basi nimwone hata dirishani. Akasema mfumo hauna dirisha. Nikarudi na bakuli langu.

Sasa nimefikiri, na nimefika mbali.

Ofisi yako imekubali kwamba kitu kinaweza kuwa kazini bila mwili. Kompyuta pepe ina jina, ina kazi, inasifiwa, na hakuna aliyewahi kuigusa. Haki ya kompyuta na iwe haki ya mwanangu. Naomba naye awe mfanyakazi pepe. Kiti chake kibaki, sweta lake likae mgongoni mwa kiti. Mwili wake nitautunza mimi, nina uzoefu nao. Ukimhitaji, mvutie waya. Kwenye vikao hakuna atakayeona tofauti, maana baba yake amehudhuria vikao vya ukoo hivyohivyo maisha yake yote. Na akielemewa, ahamie kwangu mwenyewe bila kuomba ruhusa, kama kile kikombe.

Ukiona ni jambo gumu, anza na wewe. Bila mwili utafika vikao viwili kwa mpigo, na mama yako, popote alipo, atakupata mezani.

Nisikuchoshe. Nisalimie wahasibu, mlinzi wa getini, na mtunza ghala ingawa ana mdomo. Mizani nayo ipeni pole.

Ni mimi mwenye uchungu na heshima,
Mama wa binti wa miwani.

Nyongeza: Barua hii nilimpa binti yangu anitazamie maandishi. Alicheka, kisha akaniambia ukweli. Kumbe ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani ulimpa zamani, na kile kikombe angeweza kukilinda akiwa sebuleni kwangu. Anasema alijaribu siku moja. Nilimletea chai, nikamletea maji, nikamwita jirani fundi cherehani aje aone mtoto wangu anavyofanya kazi, kisha nikachomoa kompyuta yake nipige pasi. Tangu hapo akaamua kuja kwako. Kwa hiyo futa yote, mwanangu, mwache hapohapo na mwili wake. Haya naandika yeye akiwa anaoga, usimwambie. Ila ukipita mezani kwake mchana, muulize kama amekula. Muulize mara moja tu, hapendi zaidi. Akisema ndiyo, usiondoke upesi, mtazame kwanza usoni.