Malalamiko Kuhusu Watu Kuishi Kwenye Mwezi wa Lumeza Kinyume cha Utaalamu

Protase Rutashobya,
Bwana Shamba Mstaafu,
Buganguzi, Muleba.

Mhariri wa Vipindi,
Redio Rweya,
Bukoba.

Ndugu Mhariri,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na ikiwezekana umekaa, maana ni ndefu. Mimi ni msikilizaji wenu tangu siku ya kwanza mliporusha matangazo. Sijawahi kuwalalamikia, hata mlipotangaza msiba wa shangazi yangu wakati yeye mwenyewe yuko shambani anapalilia maharage. Shangazi alisema tuwasamehe, tukawasamehe.

Safari hii nimeshindwa. Nazungumzia mchezo wenu wa Jumamosi saa kumi jioni, Wakazi wa Lumeza. Kwa faida ya wakubwa wako, ambao huenda hawana nafasi ya kusikiliza redio yao wenyewe, nieleze kwa ufupi. Lumeza ni mwezi uliobuniwa na mtunzi wenu. Unazunguka sayari kubwa iitwayo Goda, mbali sana na jua, kiasi kwamba jua lenyewe huonekana kama punje ya mtama. Juu ni barafu tupu. Chini ya barafu kuna bahari, na ndani ya bahari hiyo, eti, kuna watu. Wana vijiji, wana wakwe, wanavuna mwani, na wanapumua kwa magoti.

Kwa magoti, Ndugu Mhariri.

Nimefanya kazi ya ubwana shamba kwa miaka thelathini na moja. Nimekagua vibanja vya migomba na kahawa kuanzia hapa kwetu hadi Kagoma na kwingineko, kwa miguu na kwa baiskeli, na ninajua kitu gani kinaota wapi na kwa nini. Kwa hiyo haya si maneno ya mtu wa kijiweni. Nayapanga kwa namba ili msiyachanganye.

1. Mwanga. Mmea unahitaji jua. Hili nimewafundisha hata watu waliokuwa wamelala. Lakini yule binti wenu Mela, wa Lumeza, anavuna magunia matatu ya mwani kila wiki, gizani, bila samadi. Mimi nina jua, nina samadi na nina cheti, na sijawahi kufikisha kiwango hicho.

2. Magoti. Mtu anayepumua kwa magoti atasali vipi? Sisi Wakatoliki tunapiga magoti sehemu kubwa ya misa. Wakazi wa Lumeza wangekuwa wamekwisha kabla ya Komunyo. Nilimpelekea Paroko wetu swali hili baada ya misa ya pili. Akanishika bega akasema, "Mzee Protase, nenda nyumbani ukapumzike." Sikuona kama hilo ni jibu la kitaalamu.

3. Lalamiko la tatu lilihusu jinsi wanavyozaana. Limefutwa na mke wangu, Georgina.

4. Madhara kwa familia yangu. Hapa naomba usome polepole.

Binti yangu Renatha amepata mchumba, kijana anaitwa Derick, wa Buhembe pale Bukoba mjini. Kijana ni mzuri, sina neno naye. Mwezi wa kumi na moja baba yake, Mzee Kagaruki, alikuja kwangu kutoa posa akiwa na dada zake wawili na madumu manne ya orubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa Jumamosi. Tuliwapa kahawa ya kutafuna, tukawapa senene wa kukaanga maana msimu ulikuwa umeanza, tukaongea vizuri sana kuhusu watoto. Mambo yote yalikuwa yananyooka. Ndipo Mzee Kagaruki akatazama saa yake.

"Waitu, mkwe wangu," akasema, "humu ndani hakuna redio?"

Tukawasha. Ilikuwa ile sehemu ambayo barafu inapasuka siku ya harusi ya Mela. Dada zake Mzee Kagaruki wakaanza kulia. Mzee Kagaruki mwenyewe akatoa leso. Mke wangu akalia pia, ingawa nilimkonyeza. Mimi nikasema sentensi moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwani hauoti gizani."

Mzee Kagaruki akakunja leso. "Umewahi kufika?"

"Kufika wapi?"

"Lumeza."

"Lumeza hakufikiki, mzee. Hakupo."

"Sasa kama hujafika, unajuaje kinachoota huko?"

Nikamweleza habari ya jua na majani. Nilitumia pia kifuniko cha sufuria kama jua. Nilipofika kwenye magoti, Mzee Kagaruki akachukua senene mmoja kwenye sahani, akamwinua juu ili kila mtu amwone.

"Wewe si bwana shamba? Tuambie huyu anapumulia wapi."

Ndugu Mhariri, kwa bahati mbaya ninajua. Senene hapumui kwa pua. Anapumua kwa vitundu vidogo vilivyopangana ubavuni mwake. Nilikaa kimya kwa sababu ya utaalamu, lakini watu wakaelewa kwamba nimeshindwa. Dada mmoja akacheka. Hapo nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema, kwamba mtu anayeamini mambo ya Lumeza hafai kuwa babu wa wajukuu wangu.

Waliondoka na orubisi yao yote. Hata ile iliyokuwa imeshamiminwa kwenye vikombe waliirudisha kwenye dumu, bila kumwaga tone, na katika hasira zangu niliwaheshimu kwa hilo.

Renatha alinifuata nyuma ya nyumba akilia. "Tata," akaniambia, "huo mwezi wenyewe haupo!"

Nikamwambia, "Mwanangu, hicho ndicho nilichokuwa namweleza Mzee Kagaruki."

Akaondoka akilia zaidi. Sijaelewa mpaka leo, maana tulikuwa tumekubaliana.

Tangu siku hiyo Mzee Kagaruki ameleta ujumbe kwamba posa haitarudi mpaka nikiri kuwa Lumeza panaweza kuwa na uhai. Nami nimejibu kwamba posa haitapokelewa mpaka akiri kuwa hapawezi. Ni wiki ya saba sasa. Renatha anakula kidogo. Derick alikuja mara moja, akasimama kwenye mibuni, akarudi. Mke wangu hazungumzi nami moja kwa moja. Anapitia kwa mbuzi. Anasimama bandani na kusema, "Mbuzi, mwambie Baba Renatha chakula kiko mezani." Mbuzi hajawahi kuniambia chochote, lakini nasikia.

5. Jaribio. Kwa kuwa maneno yalishindikana, niliamua kutumia sayansi. Nilipanda chipukizi la mgomba, nikalifunika kwa tangi kubwa la maji lililopinduliwa, nikaziba pembeni kwa udongo ili hata uzi wa mwanga usipite. Niliwatangazia majirani kwamba hiyo ndiyo Lumeza, na kwamba baada ya wiki tatu tutaona wenyewe kama kuna uhai.

Jumapili ya kufunua walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, pamoja na rafiki yangu Muhidini, fundi redio wa Kagoma. Tukainua tangi. Chipukizi lilikuwa jeupe kama mshumaa, jambo ambalo ni ushahidi wangu. Ni kweli lilikuwa refu kuliko wenzake wa nje, lakini huo ni urefu wa mateso, vitabu vyote vinasema hivyo. Tatizo ni kwamba kulizunguka kulikuwa na uyoga. Si uyoga mmoja. Ulikuwa umejaa kama umati wa mkutano, mwingine mpana kama sahani, na chini yake wadudu ambao sikuwahi kuwaona katika miaka thelathini na moja wakitembea kwa amani.

Muhidini akavua kofia. "Protase," akasema, "umewafungulia mlango watu wa Lumeza."

Nilijitahidi kuwaeleza kwamba uyoga si mmea, una kundi lake wenyewe, na kwa hiyo hauhesabiki. Hakuna aliyenisikiliza. Georgina aliuchuma wote akaupika kwa karanga. Nilikula sahani mbili, lakini niliula kama kielelezo cha jaribio.

6. Fomu. Ili kumaliza ubishi nimetengeneza Fomu ya Vigezo Kumi vya Uhai, ambayo naiambatanisha. Imetokana na ile tuliyokuwa tunatumia kukagua mashamba mapya, nami nimeipanua kidogo ifae miezi. Eneo linalopata vigezo sita kati ya kumi linafaa kwa uhai. Chini ya hapo halifai, liwe mwezi, liwe nini. Lumeza imepata vitatu tu: maji, kutokuwepo kwa ngedere, na wakazi kuelewana. Kwa ajili ya uhakika nimempa fomu hiyo Mwalimu Evelyne, anayefundisha fizikia sekondari, ili aihakiki. Sina shaka na majibu yake, kwa hiyo naandika bila kuyasubiri.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Lumeza isogezwe karibu na jua. Umbali nawaachia ninyi, ila uwe wa kutosha kukausha kahawa. Barafu iondolewe na mahali pake uwekwe udongo. Magoti yaachwe yafanye kazi iliyokusudiwa. Na kama mtunzi wenu atakataa kuusogeza mwezi, basi mchezo usimamishwe, na Bi Siti, yule mtangazaji anayeigiza sauti ya Mela, atangaze mara tatu, polepole, kwamba Lumeza hakuna uhai, akimtaja Mzee Kagaruki wa Buhembe kwa jina.

Msipofanya hivyo ndani ya siku kumi na nne nitaiandikia serikali. Na ikiwa mambo ya mwezi huo hayako chini ya serikali yetu, nitaiandikia serikali ya Lumeza yenyewe, ambayo katika mchezo wenu naona inajibu barua.

Wasalimie mafundi mitambo wote, msoma taarifa ya habari, mama anayewapikia chai na mlinzi wa getini. Msalimie pia Bi Siti, mwambie sina kinyongo na magoti yake. Huku kwetu wote ni wazima, ila hatuzungumzi.

Nabaki kuwa msikilizaji wenu, bado nikiwa nimewasha redio,

Protase Rutashobya

Nyongeza: Nilikuwa sijaipeleka barua hii posta Mwalimu Evelyne alipofika na majibu. Alinikuta na Georgina barazani. Anasema nimekosea kuhesabu joto. Joto, anasema, si lazima litoke kwenye jua. Mwezi kama Lumeza ukiizunguka sayari kubwa kama Goda, unavutwa na kubanwa, unavutwa na kubanwa, kama mtu anayekanda unga wa chapati, na huko kukandwa kunaleta joto ndani, bahari ikakaa bila kuganda. Anasema hata chini kabisa ya bahari za dunia hii, jua lisikofika, kuna viumbe wanaoishi kwa joto na madini yanayotoka ardhini, na hawajawahi kumwuliza bwana shamba. Na hewa ya kupumua inaweza kukaa ndani ya maji, kama samaki wanavyojua. Basi akaiongezea Lumeza vigezo vitatu: joto, chakula na hewa. Imepata sita. Imefaulu. Magoti tu ndiyo hakuyatetea.

Kisha, kwa ajili ya kulinganisha, akajaza fomu hiyohiyo kwa kibanja changu. Maji yako mbali, sifuri. Migomba ina mnyauko, sifuri. Ngedere wapo, na mmoja alikuwa anatutazama. Alipofika kwenye kigezo cha wakazi kuelewana, alinyanyua kalamu akamtazama Georgina, na Georgina, kwa mara ya kwanza katika wiki saba, akazungumza bila kupitia kwa mbuzi. "Andika sifuri, mwalimu," akasema. "Mtoto wangu hali chakula kwa sababu ya mwezi."

Pamoja na sifuri nyingine mbili ambazo sizitaji, kibanja changu kimepata vigezo vinne. Kitaalamu hakuna uhai hapa.

Jana asubuhi nilivaa koti nikaenda Buhembe peke yangu. Mzee Kagaruki nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama kwamba Lumeza uhai unawezekana, na kwamba neno lile la wajukuu nalirudisha. Akaweka kisu chini.

"Mkwe," akasema, "mimi tangu mwanzo nilijua hakuna kitu huko. Mtu apumue kwa magoti? Ila ulinikosoa mbele ya dada zangu."

Akanisogezea kigoda. Tulimenya ndizi pamoja hadi mchana, na posa inarudi Jumamosi ijayo. Renatha jana alikula mpaka akaomba aongezewe. Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu uyapuuze, isipokuwa la tatu, ambalo halipo.

Nilipomsimulia habari ya fomu ya kibanja changu, ambayo nilikuwa nayo mfukoni mwa koti, Mzee Kagaruki aliniomba aisome. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati. Anasema ndiyo kazi pekee ya kitaalamu ninayoweza kujivunia, na ataisoma kwa sauti siku ya harusi.