Sakafu ya Maua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamua. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada yake mke wangu, amemwaga sebuleni kwake sakafu ya zege la rangi, yenye nakshi. Mama mkwe anaikanyaga bila viatu na kusifu. Kwangu haingii. Mwaka jana mguu wake ulizama kwenye shimo la sebuleni, akaapa haingii tena mpaka sakafu itengenezwe. Tangu hapo anatusalimia dirishani. Mke wangu anampitishia chai kwenye nondo. Juzi, mama alipoondoka, nilimkuta mke wangu analia. Akasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumamosi mama anakuja. Nimeahidi atalala ndani.

Jumanne, 10 Juni
Fundi jirani amejitolea kusaidia. Ati kitu chochote kinachogusa zege bichi kipakwe mafuta kwanza, na mlango uondolewe kwenye bawaba. Nikamjibu macho ninayo. Sakafu ya mwanyumba nimeichunguza, hata niliilalia kifudifudi wenyewe walipokuwa jikoni. Ni zege tu lililobonyezwa na kitu chenye maua. Mafundi wanakuza mambo ili waitwe.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwaga! Mke wangu alikuwa kazini. Zege halilali, kwa hiyo sikula. Rangi nyekundu pakiti tatu badala ya moja, mimi si mchoyo. Kwa nakshi nimetumia kitambaa cha meza kubwa, kile cha kufuma. Nikakitandaza, nikakipigapiga kwa ubao. Maua yakatokea moja moja. Nilijipongeza kwa sauti.

Kitambaa nitakibandua kesho, zege likishika vizuri.

Alhamisi, 12 Juni
Kitambaa hakibanduki. Nimevuta, nimebembeleza, nimetumia meno. Kimetoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Kilichobaki ni sakafu. Halafu mlango: niliuacha wazi, zege likapanda vidole viwili na kuushika chini. Haufungiki. Nimemweleza mke wangu kwamba nyumba ya ukarimu haifungwi. Aliuliza kama nakumbuka nani alikifuma kile kitambaa. Nikasema kiwanda. Kumbe mama yake! Miezi minane, zawadi ya harusi yetu.

Mwanyumba alipita, akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepaka nta mara nne. Inang'aa. Miguu yangu ni myekundu mpaka magotini. Mke wangu anataka nimwambie mama ukweli na kumwomba radhi. Nitamwambia nimemhifadhia kazi yake, isipotee.

Jumamosi, 14 Juni
Mama kaja. Kwa mlango ulivyo wazi, aliona kila kitu kabla sijafungua mdomo. Akainama, akavaa miwani. Nikamkaribisha. Akasema shimo angeweza kulikanyaga tena, afadhali, lakini kazi ya mikono yake hawezi. Akaenda zake dirishani.

Mke wangu hakupitisha chai kwenye nondo. Alitoka nayo, akakaa na mama yake uani. Kisha wakaondoka pamoja kwenda kwa mwanyumba, na mkoba wa nguo. Nikabaki na sakafu. Iliniuma, sifichi.

Jumapili, 15 Juni
Kuku wa jirani wameshinda sebuleni. Mlango ndio huo.

Mke wangu ametuma ujumbe. Mama kasahau mtandio wake uani, kwenye kiti. Niupeleke leo mwenyewe, niombe radhi, yaishe.

Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Mama hawezi kukanyaga ndani, basi nimtengenezee pa kukaa nje! Uani papo. Saruji imebaki mfuko mmoja na nusu. Mtandio nao una maua madogo madogo, mazuri kuliko yale ya kitambaa.

Safari hii nitaupaka mafuta kwanza.