Balbu Iliyokataa Kuungua

Ifahamike kwa umma wote, wenye magari na waendao kwa miguu, kwamba Idara yetu haijawahi kutoa balbu mbovu. Nasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Taa za Mbele, cheo nilichopewa kwa barua, na barua ninayo. Wanaodai kuwa magari ya Idara yote ni chongo ni watu wasioelewa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Taa ya mbele ikizima, dereva hakurupuki kuchukua balbu mpya kama mtu anayechagua vitunguu sokoni. Anajaza fomu. Fomu ikipitishwa, balbu huletwa kutoka stoo, hutolewa kwenye boksi lake na kuwekwa mezani mbele ya wajumbe tisa. Kila mjumbe huishika kioo chake, huigeuzageuza, huielekeza dirishani, kisha humpa wa kulia kwake. Huo ndio Uthibitisho kwa Mkono, na aliyeubuni ni mimi. Kwa kuwa vikao vyetu ni vya saa nne, wajumbe huthibitisha huku wakinywa chai na kutafuna karanga za kukaanga.

Ni kweli kwamba balbu zilizothibitishwa zilikuwa zikiungua baada ya siku tisa. Kamati haikulala. Iliongeza wajumbe wakafika kumi na wawili, ili uthibitisho uwe imara zaidi. Balbu zikaanza kuungua siku ya sita.

Hapo ndipo fundi umeme wa karakana yetu, ambaye madereva humwita Mama Waya, alipopanda ghorofani bila miadi kutufundisha kazi. Alisema kioo cha balbu za aina ile hakiguswi kwa vidole. Mafuta ya vidole yakibaki juu yake, pale yalipobaki hupata joto kupita kiasi, na balbu hufa kabla ya siku zake. Ishikwe kwenye kitako, alisema, au kwa kitambaa safi. Tulimsikiliza kwa heshima zote, kisha tukamuuliza maelezo hayo yamo kwenye fomu namba ngapi. Mkurugenzi alimshukuru na kumwomba atokee mlango wa nyuma, kwa sababu viatu vyake vilikuwa na grisi.

Sasa nije kwenye kashfa. Katika ukaguzi wa mwaka, gari la wagonjwa lilikutwa na taa zote mbili zinawaka. Tena zilikuwa zinawaka kwa miezi saba mfululizo. Nilipekua majalada mara tatu nisione fomu hata moja, na hesabu yangu ikawa nyepesi: balbu inayoishi miezi saba haiwezi kuwa imepita mikononi mwetu. Tukamfungulia dereva wake shauri la kumiliki mwanga usioidhinishwa.

Dereva huyo wenzake humwita Polepole. Ana miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kukwaruza hata mlango, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Akifukuzwa sasa, anaondoka mikono mitupu. Hilo alilijua, maana alisimama mbele yetu ameikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha jasho.

“Balbu hizi umezitoa wapi?” Mkurugenzi akamuuliza.

“Stoo, bosi. Mama Waya akanifungia.”

“Bila Kamati?”

“Nilikuwa na mama mwenye uchungu ndani ya gari, bosi. Nikaona Kamati ni mbali.”

Wajumbe wawili walicheka. Niliwaandika.

Mkurugenzi wetu si mtu wa kuonea wanyonge. Aliamua ukweli upimwe hadharani, saa sita mchana siku ileile, ndani ya karakana, milango ikiwa imefungwa. Gari la wagonjwa lisimame upande mmoja na gari lake mwenyewe upande wa pili, taa ziwashwe, tuone za nani halali. Gari lake lilikuwa na balbu mpya zilizothibitishwa kwa heshima ya pekee: kila mjumbe alizishika dakika nzima, na yeye akazishika mwisho, akiwa ametoka kupaka nywele mafuta. Zilifungwa Jumatano, na siku ya shauri ilikuwa Jumanne. Hakuna aliyehesabu.

Kuokoa muda, aliniagiza niandike barua kabisa. Niliandika kwamba taa zitakazozima kwanza, aliyekabidhiwa gari hilo anaachishwa kazi siku hiyohiyo, bila rufaa, awe wa cheo chochote. Hayo maneno ya cheo aliyaongeza yeye, akisema sheria haina macho. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaupuliza ukauke. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kula mbuzi wakati wenzake bado wanamfukuza.

Milango ilipofungwa, karakana ikawa giza kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Taa nne zikawashwa. Dakika kumi zilipita, tukisikia saa ya mjumbe mmoja ikigonga. Kisha taa ya kushoto ya gari la Mkurugenzi ikacheza, ikawa ya manjano, ikazima. Mtu akakohoa. Ya kulia nayo ikamfuata dada yake.

Taa za Polepole zilibaki zikimmulika Mkurugenzi usoni, akajikinga kwa kiganja.

“Mpe dereva huyu barua yake,” akaniambia, akimwelekezea Polepole kidevu.

Nakiri niliogopa. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu unasema barua haitolewi kabla ya kutazama kitabu cha makabidhiano. Nikakifungua kwa mwanga wa gari la wagonjwa. Gari la Mkurugenzi halina dereva. Tangu mwaka jana amejikabidhi mwenyewe, ili Jumamosi aende nalo kwa wakwe zake bila kuulizwa maswali. Nikampelekea barua.

“Hii si yangu,” akasema.

“Ni ya aliyekabidhiwa gari, Mheshimiwa. Sahihi ya kwenye barua ni yako, na ya kwenye kitabu pia ni yako.”

Aligeuka kuwatazama wajumbe. Wote kumi na wawili walikuwa wakikagua dari.

Saa nane alinikabidhi ufunguo wa gari. Mvua ilikuwa imeanza, na hakukuwa na gari la kumpeleka nyumbani. Polepole, aliyekuwa akielekea upande huo kumchukua mgonjwa, alimfungulia mlango wa mbele bila kuombwa.

Mkurugenzi hakupanda mara moja. Mama Waya alikuwa ameinama kwenye gari lililopofuka, balbu mpya imelala juu ya kitambaa cheupe kiganjani mwake. Mkurugenzi alimsogelea, akaitazama kama mtu anayeona kitu kile kwa mara ya kwanza. Akanyoosha kidole.

“Angalia tu, mzee,” Polepole akamwambia. “Usishike.”