Sinia, Chungwa na Shikamoo ya Fundi

Jumatatu, 15 Desemba
Fundi cherehani wa chumba cha mbele kaniudhi. Eti dunia ni mviringo kama chungwa! Huyu nilimfuta makamasi mimi. Nikamwambia dunia ni sinia, jua huzunguka juu yake, na kusini ndiko ukingoni, kwenye barafu. Tumewekeana dau bombani, wapangaji wote wakisikia: atakayeshindwa atamwamkia mwenzake. Mimi, bibi mzima, nimpe shikamoo yule? Thubutu!

Jumanne, 16 Desemba
Nimempigia mjukuu wangu. Anawapikia wataalamu huko huko kusini, kwenye barafu. Shahidi gani tena? Nikamuuliza kama ukingo anauona. Alicheka mpaka simu ikakoroma. Ukingo hakuna, ila baridi inagandisha hata kope. Vizuri! Ukingoni ni mbali na jua, lazima baridi. Hoja yangu hiyo. Kisha akaharibu: mwezi huu jua halitui kwao. Linazunguka tu angani, usiku na mchana, na wao huziba madirisha kwa mablanketi ndipo walale. Nikamwonya asinidanganye, mama yake nilimnyonyesha mimi. Akatuma picha. Saa sita ya usiku, jua hilo dirishani. Lo!

Jumatano, 17 Desemba
Nimejifungia stoo. Sinia, tochi, punje ya mchele. Punje ndiyo mjukuu, nimemkalisha ukingoni. Nikazungusha tochi. Ilipofika ng'ambo, mjukuu gizani! Nikaiinua juu kabisa. Ukingo wote ukang'aa. Lakini na sinia zima likang'aa, sisi huku tukakosa usiku. Mbona jana nililala? Nikabadilisha sinia. Yale yale!

Alhamisi, 18 Desemba
Udadisi unawasha kama upupu. Nimechoma kijiti kwenye chungwa, nikaliinamisha, kitako kikaielekea tochi kidogo. Nikalizungusha. Jamani! Tumboni, yaani kwetu, mchana, usiku, mchana. Kitakoni, kwa mjukuu, mwanga haubanduki! Kichwani giza tupu. Nikarudia. Nikarudia tena, nikacheka peke yangu. Mke wa mwanangu akafungua mlango, akauliza, mama, kulikoni humu gizani? Nikala chungwa, ushahidi upotee. Nimechelewa! Tochi kaiona, kijiti kakiona. Mdomo wake hauna kifuniko. Kabla chai haijachemka Fundi alishajua.

Ijumaa, 19 Desemba
Ahadi ni deni. Nikasubiri cherehani ipige kelele, nikanong'ona shikamoo, nikageuka haraka. Mshenzi akatoa mguu kwenye kanyagio! Kimya. Akasema hakusikia, nirudie. Wapangaji wote wametega masikio. Nikarudia. Akajibu marahaba, mjukuu wangu, kua uyaone!

Jumamosi, 20 Desemba
Fundi kaja na adabu zake, kaniletea chungwa. Nimemsamehe. Tukala. Akasema mwezi nao hauna mwanga wake, huazima kwa jua. Uazime! Kitu king'aavyo hivyo? Hata sufuria yangu niliyoisugua kwa mchanga inang'aa yenyewe, nani kaiazimisha mwanga? Tumewekeana shikamoo tena, safari hii kwa kupiga magoti. Sufuria nimeshaiingiza stoo. Tochi naitafuta.