Nusu Ndevu za Mkuu wa Chuo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeona mambo. Fundi Saa amepigiwa makofi!

Huyu huyu wa kibanda cha jirani, ukuta mmoja na kibanda changu cha kunyolea. Miaka ishirini na mbili tumekaa ubavu kwa ubavu, na maneno aliyoniambia ukiyakusanya yote hayajazi kiberiti. Leo kaitwa ukumbi wa mtaa kutia moyo vijana wasio na kazi. Eti siku hizi hiyo ni kazi, inaitwa uhamasishaji. Nikaenda ili nicheke. Nikakaa mbele kabisa ili anione ninavyocheka.

Kasimama. Kashika kipaza sauti kama kashika panya. Akasema alifungua duka, likafa. Akafungua la pili, likafa. Akatengeneza saa ya bwana mmoja, ikawa inarudi nyuma. Akajifungia ndani mwezi mzima anatazama dari. Siku moja akaamka, akatengeneza saa moja. Moja tu. Kesho yake nyingine. Basi. Akakaa.

Ndiyo hotuba hiyo! Dakika sita! Watu wakasimama. Dada mmoja analia, kamasi zinamtoka. Analilia nini? Duka lenyewe limekufa zamani!

Mimi naongea tangu nizaliwe. Mkunga alinikuta nimeshaanza. Hakuna aliyewahi kunipigia kofi hata moja.

Mjukuu wangu alikuwa pembeni yangu. Jumamosi anamaliza chuo cha ushonaji, na wenzake wamempa kazi ya kutafuta mzungumzaji wa mahafali. Akafuta macho, akaniambia, babu, mtu nimempata. Nikanyoosha kola. Nikakohoa kidogo, kwa unyenyekevu. Akamnyooshea kidole Fundi Saa.

Sikula usiku. Nilikula kidogo. Sahani mbili.

Jumanne, 5 Machi

Nimeichunguza siri yake. Ni kushindwa! Watu wanampenda mtu aliyeshindwa. Kumbe! Basi kama ni kushindwa, mimi simwachii mtu. Nitamshinda kwa kushindwa.

Nimeanza mazoezi kwa wateja. Mimi nina utaratibu wangu: nanyoa nusu ya kwanza, naweka mashine chini, natoa hadithi, ikiisha namalizia nusu iliyobaki. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyeondoka hadithi ikiwa katikati. Kipaji hicho!

Wa kwanza kukaa leo, dereva wa lori. Nikamweleza nilivyoshindwa kumnyoa simba. Mwisho simba akanishukuru, akanisindikiza hadi nyumbani. Dereva akasema mzee, hapo hujashindwa. Nikamwambia tulia. Nikamweleza nilivyoshindwa mbio, nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa farasi. Akasema ana mzigo wa nyanya juani, zinaoza. Nikamwambia subira ndiyo somo la kwanza la mafanikio.

Jioni nikamwomba mke wangu anikumbushe jambo moja nililowahi kushindwa. Nilidhani atafikiri. Hakufikiri! Akaanza kuhesabu kwa vidole. Bomba la jikoni nililolitengeneza, likawa linamwagia maji kwa jirani. Kuku niliosema naijua dawa yao, wakafa wote na jogoo. Mlango niliouning'iniza kichwa chini. Vidole vyake vikaisha, akaniambia lete na vyako. Nikasema hayo si kushindwa, ni bahati mbaya. Akasema bahati yake mbaya anaiona, imekaa hapo inakunywa chai. Akacheka peke yake mpaka akapaliwa.

Sikumgonga mgongo. Ajifunze.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Kaja mkuu wa chuo chenyewe, kutoa ndevu. Ana ndevu za kutosha kujaza mto. Nikatoa upande wa kulia wote, safi kama sahani. Nikaweka wembe chini. Nikamuuliza, kwa upole tu, nani anazungumza mahafali. Akasema Fundi Saa. Nikasema aa. Nikavuta kiti, nikakaa.

Akaniuliza vipi mzee, mbona umekaa. Nikasema nafikiri. Akasema ana kikao na wazazi, wanamsubiri. Nikasema wazazi wana subira, wangekuwa hawana wasingezaa. Akajitazama kwenye kioo. Kushoto mzee wa heshima, kulia mtoto wa juzi. Akaniita baba. Kisha akaniita baba yangu mzazi. Hatimaye akasema basi mzee, zungumza wewe, Fundi Saa tutamwita mwaka mwingine, nimalizie tafadhali!

Unaona nguvu ya ushawishi? Robo saa tu nimemgeuza mawazo msomi mzima!

Nikapita kwa Fundi Saa kumweleza, ili imuume. Akatoa kile kioo chake cha kukuzia jichoni, akasema, "Hongera, jirani." Akakirudisha. Wivu ule! Mtu mwenye roho safi hawezi kupongeza kwa maneno mawili.

Alhamisi, 7 Machi

Mjukuu kajua. Kaja kibandani na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Akasema babu, Jumamosi atakuja mama mwenye kiwanda cha nguo. Kila mwaka anachagua wahitimu wawili, anawapa kazi. Magauni yetu yataonyeshwa baada ya hotuba, na langu la mwisho. Ukianza habari za simba, yule mama ataondoka kabla hajaliona. Na mimi nitabaki nyumbani nashona vifungo vya mashati yako.

Nikamwambia hakuna mtu aliyewahi kuondoka nikizungumza. Akasema babu, hawaondoki kwa sababu wana nusu kichwa!

Nikamuuliza nani anamlisha maneno hayo. Bibi yake, najua.

Akaniomba vitu viwili: dakika kumi, na jambo moja la kweli. Moja tu, babu. Macho yake yamejaa maji. Nikaapa kwa wembe wangu.

Fundi Saa haombwi jambo la kweli. Yeye wanamwamini tu. Kwa lipi?

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi mbele ya kioo siku nzima. Nimejiliza mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi umejaa. Mama wa kiwanda kakaa mstari wa mbele, mkoba magotini. Fundi Saa nyuma kabisa. Kaja kuiba mbinu.

Nikapanda. Nikasema mimi sikusoma. Darasani nilikaa siku tatu tu, ya nne nikapelekwa kuchunga. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye vibao vya maduka.

Kimya. Kimya cha kusikia mtu anameza mate! Na ni kweli tupu, haki ya Mungu. Mjukuu wangu kanitazama, kafungua mdomo kidogo. Nikajua hapa ndipo pa kukaa chini.

Lakini mdomo ukawa umeshaondoka. Ukasema siku ile ya tatu mwalimu aliniuliza swali, nikalijibu vizuri mpaka akanipa kiti chake, yeye akaenda kukaa na watoto. Kutoka hapo nikaenda kwa simba. Kwa simba kuna njia ya mkato hadi kwa farasi. Nikaishika.

Akatoka bwana mmoja. Nikasema haja ndogo hiyo. Wakatoka watatu. Haja ndogo haiambukizi! Ukatoka mstari mzima. Nikawatazama wale wengine, na hapo ndipo nikaona: vichwa vyote vizima! Vimechongwa, vimesukwa, vimefungwa vilemba, hakuna hata kimoja kinachonidai nusu! Nikaongeza sauti. Mama wa kiwanda akashika mkoba, akainuka, akaelekea mlangoni.

Mjukuu akapanda. Akanitoa kipaza sauti mkononi taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu. Akasema huyu ni babu yangu. Zile siku tatu ni za kweli. Mengine yote ni uongo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama wa kiwanda akageuka.

Mjukuu akasema yeye mwaka wa kwanza alifeli mtihani wa kukata kitambaa, mara mbili. Akataka kuacha chuo. Nyumbani alimwambia babu peke yake. Babu akampa mashuka yake ya kunyolea, yote saba, akasema haya, yaharibu. Akayaharibu. Mwezi mzima wateja walikaa na mashuka yaliyokwenda upande, nywele zinawaingia shingoni, na babu anawaambia ndiyo mtindo mpya, umetoka ng'ambo. Hakumtaja mjukuu hata siku moja. "Babu aliwadanganya mtaa mzima," akasema, "mpaka mikono yangu ikajua kukata. Gauni langu ni lile la kijani. Naomba mkae mlione."

Wakakaa. Mama wa kiwanda naye akakaa. Lilipopita gauni la kijani, ukumbi ukasimama wote. Fundi Saa anapiga makofi na machozi yanamtoka.

Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Nywele. Ndiyo ajali ya kazi yetu.

Jumapili, 10 Machi

Kachukuliwa! Kesho anaanza kiwandani. Mke wangu anaimba tangu asubuhi, na sauti yenyewe mnaijua. Nimefurahi sana. Sana.

Lakini tuseme ukweli. Leo wamekuja watu wa vikundi viwili, na mkuu wa chuo kaleta ujumbe wa tatu. Wanataka mjukuu wangu azungumze. Yeye! Kwa dakika mbili alizosema! Na mashuka ni ya nani? Uongo ni wa nani? Nani aliupasha moto ule ukumbi?

Nikaenda kwa Fundi Saa. Nikamwambia jirani, tumekwisha, huyu mtoto anatumaliza wote wawili, tuungane. Akatoa kioo jichoni. Akasema rudi nyumbani ukampe mtoto hongera. Masikini, wivu umemla mpaka mfupa.

Nimerudi, nimempa hongera. Kisha nikamwelewesha kwamba mzungumzaji mkubwa hapandi jukwaani hivi hivi. Lazima awepo mtu mzima wa kumtambulisha. Mwenye uzoefu. Dakika kumi tu.

Kasema babu, hapana. Bibi yake kasema hapana toka jikoni, na hakuulizwa.

Watakuja kukubali. Maneno ya utambulisho nimeshaanza kuyaandika, kurasa nne sasa. Nimefika pale nilipozaliwa.