Kadi ya Picha Iliyopigwa Randa

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimepewa kazi ya kompyuta. Sikuiomba. Yaani, niliiomba kidogo.

Mambo yako hivi. Mjukuu wangu mchana anatoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Jioni anachora vyumba kwenye kompyuta. Makochi, mapazia, zulia, kila kitu kipo, watu tu ndio hakuna. Sasa kuna mwenye duka la samani, hapa nyumbani tunamwita Bosi wa Makochi. Huyo anataka aonyeshwe chumba ambacho mtu anakizunguka kwenye skrini kama anatembea ndani yake. Anakuja Jumamosi kukitazama. Kikimpendeza, mjukuu anaajiriwa na fotokopi anaziaga. Kisipompendeza, amesema yupo mwingine anayechora.

Tatizo ni kompyuta. Ilikuwa ya mjomba wake, ya siku nyingi. Ikiambiwa izungushe chumba inahema, feni inalia, picha inaganda kochi likiwa nusu. Kazini kwake wamesema inataka kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ili picha ziende haraka. Ameiona dukani, mpya kabisa. Ila hana hakika kama kadi ya leo na kompyuta ya zamani vitaelewana. Akasema labda amuulize jirani yetu Mzee Waya, aliyekuwa fundi redio.

Mimi nimekaa hapo hapo. Naonekana vizuri tu.

Nikamuuliza ni nani katika nyumba hii ameshika randa tangu mama yake hajazaliwa. Ni nani alitengeneza mlango wa mahakama, mzito mpaka jaji akawa anaingilia dirishani. Akasema babu, juzi ulisema ni askofu. Nikamwambia wote wawili. Walikuwa wanapishana hapo dirishani.

Basi akakubali, maana akitoka kazini lile duka limeshafunga. Akaniagiza niangalie kama kadi itaingia, halafu niangalie kama umeme wa kompyuta unatosha kuilisha. Sehemu ya kwanza nimeielewa vizuri sana.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda dukani. Nimevaa koti.

Dada wa dukani akauliza kompyuta yetu ni ya aina gani. Nikamwambia ya kijivu. Akauliza pawa saplai yake ina wati ngapi, akimaanisha kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Nikamwambia binti yangu, inawaka kila siku. Akasema nikifika nyumbani nifungue ubavuni, nisome karatasi iliyobandikwa juu ya hicho kisanduku. Nikaitikia. Mimi ni mtu wa kuitikia.

Akanipa kadi niipime. Nikatoa futi mfukoni, penseli sikioni. Nikapima urefu, upana, unene, mpaka matundu ya skrubu. Wateja wakaacha kununua, wakanitazama. Dada akauliza kama naishonea gauni.

Hawa wa madukani hawapimi, wanasoma vikaratasi. Seremala hutengeneza mfano. Nimerudi nyumbani nikachonga kadi nzima ya mbao. Feni mbili, na mapanga yake. Yale meno ya chini ya kuchomekea nimeyapiga msasa mpaka yanateleza. Mke wangu akauliza huo ni mtego wa panya au ni zawadi yake. Nikamwambia ni kompyuta. Akasema haya, akaendelea na mambo yake.

Nikaifungua kompyuta ubavuni, nikachomeka kadi yangu. Ikagoma. Mwisho wake umegonga fremu ya chuma iliyo upande wa mbele. Kama upana wa kidole hivi. Sasa mlango ukigoma, fundi haitishi mkutano. Nikachukua randa, nikapunguza. Ikagoma kidogo. Nikapunguza tena, nikaupitisha msasa. Ikaingia laini kama droo mpya. Nikaitoa, nikaiingiza, nikaitoa. Raha tupu.

Mjukuu aliporudi nikamwambia inaingia. Akauliza nina hakika. Nikamwonyesha kwa vitendo. Akauliza, na umeme je. Nikasema umeme nao upo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mjukuu ameomba ruhusa kazini, amenunua. Akiba yake yote imekwenda hapo. Dukani wamesema watairudisha tu kama haina mkwaruzo.

Kadi ya kweli imegoma. Imegonga fremu ile ile, palepale.

Mjukuu akaichukua akailaza mezani kando ya ile yangu ya mbao. Akazitazama. Mimi nikatazama dari, kuna kona inataka rangi. Akauliza kwa upole ya mbao imekuwaje fupi. Nikamwambia mbao husinyaa. Akauliza inasinyaa kwa siku moja. Nikamwambia inategemea na mti.

Mke wangu akasema kwa nini nisiseme tu niliipiga randa, maranda yenyewe kayafagia yeye. Huyu mwanamke hajawahi kuniunga mkono mbele za watu.

Nikatoa ushauri wa kitaalamu. Pale mwisho wa kadi ni plastiki tupu, haina kazi. Nipewe dakika chache na randa ndogo. Mjukuu akaniita Injinia, neno analolitumia akikasirika, akaichukua kadi yake akaifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Kabati hilo nimelitengeneza mimi. Nalifungua kwa kijiko. Lakini nikajiheshimu.

Nimegundua Mzee Waya alikuwa dirishani muda wote. Ameniomba ile kadi ya mbao kama haina kazi. Ati anataka kuiweka kwenye redio yake, ipige nyimbo za mbao.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata wazo nikiwa naoga. Kama mgeni hawezi kupunguzwa, upanuliwe mlango.

Mjukuu kaenda kazini. Nimefungua kompyuta. Ile fremu ya chuma ndiyo inayobeba diski, mahali vyumba vyake vyote vinapokaa. Mimi si mjinga. Diski nimeichomoa, nikaifunga kwenye taulo, nikailaza kitandani kwetu upande wangu. Nikamwambia mke wangu asiikalie. Akauliza leo atakaa wapi basi, maana viti vyote vina skrubu.

Nikachukua msumeno wa chuma. Nimekata fremu taratibu, kwa ufundi wa hali ya juu. Siku moja nilikata nguzo ya daraja na watu wanapita juu, hakuna aliyesikia. Leo amesikia Mzee Waya. Akaja dirishani kuuliza kama humo ndani nachinja mbuzi. Halafu akaacha utani. Akasema unga wa chuma umeangukia kwenye bodi, lile bamba la ndani linalopitisha umeme, nikiwasha hivyo kitaungua kila kitu, na kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Nikamwambia enzi za redio zimepita, kaka, nenda kapumzike.

Alipoondoka nikaupuliza wote kwa pampu ya baiskeli, kisha nikapitisha brashi ya rangi kila pembe. Lilikuwa wazo langu.

Jioni mjukuu akafungua kabati. Kadi imeingia. Imekaa kama imezaliwa humo. Mjukuu akakaribia kutabasamu, nilimwona. Diski nayo tumeirudisha, nimeifunga kwa ukanda wa mpira pale fremu ilipokuwa.

Kumbe kadi ina mdomo wake pembeni, unataka waya wake peke yake kutoka kwenye kile kisanduku cha umeme. Kisanduku chetu hakina waya huo. Tumewasha. Feni zimezunguka kidogo, skrini imebaki nyeusi.

Mjukuu akainama akasoma ile karatasi iliyobandikwa. Akasema wati hazifiki hata nusu ya zinazotakiwa. Akauliza kama niliisoma. Nikamwambia maandishi yalikuwa madogo. Akasema babu, ungeniambia tu nisome mwenyewe.

Na dukani hawairudishi tena. Pale ilipokuwa inagonga fremu jana imekwaruzika.

Hakupiga kelele. Alikwenda kukaa kizingitini na viatu vya kazini mguuni. Nilimpelekea chai. Akaishika mpaka ikapoa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Waya. Sikwenda kuomba msaada. Nimekwenda kukagua kigoda chake, nilisikia mguu mmoja unacheza.

Nikakikagua. Katikati ya ukaguzi nikamwambia nina rafiki, kompyuta yake haina umeme wa kutosha. Akauliza huyo rafiki anavaa kofia kama yangu. Nikasema zinafanana. Akauliza rafiki ana mjukuu. Nikasema ninavyosikia. Akauliza huyo rafiki kwa nini hakuja tangu Jumatatu. Nikamwambia ana shughuli nyingi.

Akaniacha nizunguke hivyo mpaka chai ikaisha. Halafu akainuka, akaingia kwenye kile chumba chake cha machuma, akatoka na pawa saplai kubwa iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi fulani. Waya wa kadi ulikuwepo. Akaipima kwa mita yake, mara mbili, na kila akipima ananitazama mimi.

Nyumbani alinipa kazi ya kushika skrubu. Tu. Mtu aliyemfungia jaji mlango. Nikazishika. Kisanduku chake hakikuenea ndani, tukakiweka nje juu ya kompyuta, kinaonekana kama mzigo wa abiria. Nikasema hakiwezi kukaa hivyo. Nikakichongea kijimeza chenye miguu minne. Kazi yote ikabebwa na kijimeza hicho, atakayebisha na abishe.

Mjukuu aliporudi wakawasha. Chumba kikaonekana. Kikazunguka. Pazia, kochi, taa ya mezani, mpaka kivuli cha taa, bila kukwama. Mjukuu akafunika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akamkumbatia Mzee Waya.

Kisha mimi. Nimeandika utaratibu ulivyokuwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bosi wa Makochi amekuja. Mtu mnene, mpole, anakaa kwenye kochi la mtu na kulibonyeza kwanza.

Akakitazama chumba. Akaomba kizungushwe tena. Akaomba kochi libadilishwe rangi, mjukuu akalibadilisha palepale. Akacheka peke yake kama mtoto. Akamwambia aanze Jumatatu.

Mke wangu alikwenda jikoni. Nadhani alilia, lakini akitoka huko husema ni moshi, na sisi tunapikia gesi.

Bosi akauliza hii kompyuta ya ajabu iliyofumuka ni kazi ya nani. Nikamweleza. Nikamweleza vipimo, fremu, pampu, umeme na falsafa nzima. Mzee Waya alikuwa na kikombe mdomoni, akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Mjukuu akafungua mdomo, akamtazama Mzee Waya, Mzee Waya akamkonyeza, akaufunga. Bosi akasema watu wenye jicho la kupima siku hizi hawapatikani. Nikamwambia ni kweli, tumebaki wachache.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mjukuu ameanza kazi. Ameondoka na blauzi mpya. Amemwachia bibi yake maagizo kwamba Bosi akipiga simu, babu asipewe.

Bosi amepiga simu. Bibi alikuwa anaoga.

Kumbe mjukuu asubuhi hii hii ameshauza. Mteja wake wa kwanza kaona chumba kwenye skrini, kapenda lile kabati kubwa la milango minne, analitaka leo, chumbani kwake ghorofani. Mjukuu kamwambia Bosi atakwenda mwenyewe kupima ngazi kwanza, kama kabati litapita. Bosi akaona kwa nini apoteze muda, na kuna mtu anayemjua mwenye jicho la kupima. Akaniuliza nyumba hiyo naifahamu.

Nikamwambia naifahamu sana. Naipita nikienda kunyoa. Dirisha la juu lina pazia la kijani.

Akauliza, kwa maoni yangu, kabati litapita. Nikamwambia litapita. Akauliza bila kupima? Nikamwambia apakie mzigo na amwambie mjukuu wangu asihangaike, anikute hapo hapo kwa mteja.

Koti nimeshavaa. Randa iko begani, pamoja na msumeno. Ngazi zenyewe, Bosi amesema, ni za mbao.