Ataamua Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Leo nimeitwa shule. Si kwa kosa. Mwalimu wa mjukuu wangu alitaka kuniona. Nikavaa koti la kijivu nililoshona mwenyewe. La mwalimu lilikuwa linavuta kwapani. Nikamsamehe.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu amepata nafasi shule ya bweni. Mbali, kutwa nzima kwenye basi. Jibu linatakiwa Ijumaa. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi ng'ambo, na amesema kwa simu mtoto aamue mwenyewe. Mtoto akiulizwa anajibu, Babu atakavyo. Jibu zuri sana, mimi sikuona tatizo. Mwalimu kaona. Eti msichana wa miaka kumi na sita akipata alama nzuri anasema bahati, akipata mbaya anasema mkosi. Eti anayeamuliwa kila kitu hadi soksi huishia kuona maisha ni kama mvua, yanamnyeshea tu. Kwamba asipoona mkono wake unabadilisha kitu, hataunyoosha.

Nikamwambia soksi simchagulii. Namtolea tu zile za kuvaa.

Akasema, Mzee, mwachie aamue. Nikasema sawa. Shule niliiacha mapema kwa kuwa haikuwa na jipya la kunifunza, lakini mjinga si mimi. Ataamua. Ataamua kubaki.

Jumanne, tarehe 7

Mpango wa kwanza. Nimwachie uhuru mpaka umshinde. Sitamwamsha, sitachemsha chai, sitapiga pasi sare. Achelewe, aadhibiwe, arudi analia kwamba bila Babu hawezi.

Nililala kwa utulivu wa mtu mwenye akili.

Aliyeniamsha ni yeye. Chai ilikuwa mezani. Sare imenyooka. Mteja wa suruali ya harusi alishafika, akafunguliwa mlango, akakabidhiwa suruali yake, akaenda zake anashukuru. Fundi Viatu, ambaye tunagawana naye baraza tangu tukiwa na nywele, aliuliza kama siku hizi bingwa wa cherehani analipwa kwa kulala.

Mjukuu akaniuliza naumwa nini. Nikasema siumwi. Akanitolea soksi.

Jumatano, tarehe 8

Mpango wa pili, huu wa kitaalamu. Mjukuu kaleta kitambaa cha sare ya shule ile. Anasema ni endapo tu, Babu, kama utaamua niende. Nikasema nitashona. Moyoni nikacheka. Nitaikata sketi ibane hata paka asiingie. Ataijaribu, ataona shule yenyewe haimtaki.

Nikachora. Nikashika mkasi. Mkono ukagoma.

Nimekata nguo za mabwana na mabibi maisha yangu yote na sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Nikauambia mkono, kata hapa. Ukakata pale panapostahili. Nikajaribu tena, ukafanya vilevile. Mkono wangu hauna utii, na sijui umerithi kwa nani.

Sketi imetoka kama imezaliwa naye. Nimeiachia na pindo pana, maana bado anarefuka, na huko nani atamshushia.

Sikula vizuri.

Alhamisi, tarehe 9

Mpango wa tatu. Drafti. Tunacheza kila jioni, mimi na yeye, kwa vifuniko vya soda, tangu bibi yake atutoke. Hajawahi kunishinda. Nikamwambia, mwalimu anataka uamue, basi amua kwenye ubao. Ukishinda, nenda. Nikishinda, baki. Haki bin haki. Fundi Viatu awe shahidi.

Mjukuu akapangusa ubao. Akauliza, kweli Babu? Nikasema neno langu ni chuma.

Kwenye drafti yetu kula ni lazima. Ukiwekewa kete mdomoni huwezi kusema umeshiba. Akaniwekea moja. Nikala. Nikamhurumia. Akaniwekea nyingine. Nikala tena, nikamkonyeza Fundi Viatu. Hakukonyeza. Ndipo nikaona nyuma yangu pameachwa wazi kama nyumba iliyohamwa. Kete yake ikaruka, ikaruka, ikaruka, ikafika mwisho wa ubao, ikawa kingi. Yaliyofuata siyaandiki.

Nikasema ni bahati.

Yule mtoto, ambaye kila kitu kwake ni bahati, akatikisa kichwa. Akasema si bahati, Babu, nimekupangia tangu ulipokula ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisimama. Kisha akasema anataka kwenda. Akalia, halafu akarudia kwamba anataka kwenda.

Alipoingia ndani, Fundi Viatu akaniambia mtoto amekuwa akiniachia nishinde miaka yote hii. Eti wateja wanajua. Eti hata yeye huniachia, siku akiniona sina raha. Nikamwambia akashone viatu.

Jumamosi, tarehe 11

Kaondoka. Nilimfikisha kituo cha basi. Nilitaka kumchagulia kiti cha dirishani, akawa ameshakaa cha njiani, anasema hapo miguu inanyooka. Nikapunga mkono. Basi liligeuka upande ambao sikutazamia, nikawa napungia ukuta.

Nimechemsha chai. Nimeweka vikombe viwili. Kimoja nimekirudisha.

Jioni nikapanga drafti, nikacheza pande zote mbili. Upande wake nikauachia ushinde. Haikunoga. Cherehani nayo nimeizungusha bure bila nguo, ipige kelele kidogo humu ndani.

Jumanne, tarehe 14

Kapiga simu. Anasema amejiandikisha kemia bila kumuuliza mtu. Amefeli jaribio la kwanza na anajua kosa liko wapi, hakusoma maswali hadi mwisho. Hakutaja mkosi. Nikamuuliza soksi. Akacheka. Nikaomba acheke tena, nikasema simu inakwaruza.

Sasa sikiliza, shajara. Nimemdadisi kijanja. Kumbe shule nzima ile haina fundi nguo karibu. Wasichana wote wale, wanarefuka, mapindo yanasubiri! Nimeshaipaka cherehani mafuta. Nimeshaulizia mwenye lori.

Fundi Viatu kauliza kama Mjukuu anajua. Nikamwambia mimi ni mtu wa kisasa, nimemwelewa mwalimu vizuri kuliko alivyojielewa mwenyewe. Simlazimishi mtoto. Nikifika nitamwachia uhuru wake wote, aamue mwenyewe: nikae upande wa kulia wa geti la shule, au wa kushoto.

Ubao wa drafti umeingia sandukuni. Fundi Viatu anauliza kama wasichana wale huvaa viatu.